Kilwa Kisiwani: Anza na Husuni, Msikiti Baadaye

Wageni wengi wanaovuka kwenda Kilwa Kisiwani hushuka mashuani, hupiga picha ngome ya Gereza, huingia Msikiti Mkuu, na jua likishawachoma huamua kuliacha kasri la Husuni Kubwa kwa kuwa ni mbali. Hurudi bara wameona mawe mengi bila kujua lipi lilitangulia lipi. Ushauri wangu ni kuugeuza mwendo huo.

Taratibu kwanza. Kibali hukatwa Kilwa Masoko, huku bara, kabla ya kupanda chombo. Mchukue mtembeza wageni, maana kisiwa kina wenyewe na njia hupita kwenye mashamba na karibu na nyumba zao. Mwulize nahodha maji yanakupwa saa ngapi. Wakati wa bamvua unaweza kushushwa mbali na ufuko ukatembea kwenye tope na mawe yanayokata, na ndala hapo hazisaidii kitu. Beba maji ya kunywa na tochi. Ondoka asubuhi mapema.

Husuni Kubwa iko mashariki ya mji wa kale, juu ya jabali linalotazama bahari. Ni kazi ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikipitia mikononi mwa Kilwa. Msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331, na sarafu yenye jina lake imepatikana hadi Great Zimbabwe. Kasri lake halielekei kuwa lilimalizika, na hiyo ndiyo bahati yetu: sehemu kubwa ya unachokiona ni mpango mmoja wa enzi moja, haujafunikwa na marekebisho ya waliofuata.

Bwawa la pembe nane litakuvuta, lakini lisubiri. Ingia chumba chochote upime upana wake kwa hatua. Vyumba vinaweza kuwa virefu, ila upana haupiti sana mita mbili na nusu au tatu, kwa sababu dari ya bapa ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Inua macho utafute matundu yaliyojipanga juu ukutani. Hapo ndipo vichwa vya boriti vilipokaa. Ukishayaona, utaweza kukisia dari ilikuwa wapi hata pale ambapo hakuna kilichobaki isipokuwa kipande cha ukuta.

Kisha linganisha mawe. Ukuta wa kawaida ni mawe magumu ya nchi kavu, ya maumbo yoyote, yaliyoshikwa kwa chokaa. Kwenye miimo ya milango na mihrabu utaona jiwe jingine, lenye vitundu vidogovidogo na kingo safi. Hilo ni tumbawe lililokatwa baharini likiwa hai. Likitoka majini huchongeka kama muhogo mbichi, likikauka huwa gumu. Mahali lilipotumika kwa wingi, jua palikuwa na fedha.

Sasa nenda Msikiti Mkuu. Kibla kiko kaskazini, kwa hiyo nafasi ilipohitajika haikuwezekana kuongeza mbele ya mihrabu. Waliongeza nyuma ya waumini, upande wa kusini. Ukumbi mdogo wa kaskazini ndio wa zamani zaidi, na ulikuwa na dari ya bapa, ile uliyojifunza kuitambua kule Husuni. Ule mkubwa wa kusini ni wa makuba na matao. Uliongezwa enzi ya al-Hasan huyohuyo, ukaanguka, ukajengwa upya katika karne ya 15. Simama zinapokutana kumbi hizo mbili ufuate mshono kwa macho. Mimi ningempa mgeni nusu saa hapo tu.

Tahadhari moja: magofu haya, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawa kwenye orodha ya yaliyo hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, na kuta kadhaa zimetiwa viraka. Mwulize mtembezaji wako kiraka ni kipi, usije ukakisoma kama kazi ya masultani.

Ile tochi uliyobeba ni ya kituo kinachofuata, msikiti mdogo wa makuba, ambako bakuli za kauri zilipachikwa darini. Gereza libaki la mwisho, karibu na chombo chako. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 wakaihama 1512. Jengo unaloliona sasa kwa sehemu kubwa ni la Waomani.

Njiani utakanyaga vigae, pengine vya kauri ya China. Usitie mfukoni: sheria inakataza, na kigae kilichohamishwa hakiwezi tena kumwonyesha mwanaakiolojia kilikuwa tabaka lipi, karibu na nini. Kipige picha kilipo, na sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane, kisha mwonyeshe mlinzi mahali penyewe.