Kijana wa Nyansurura kwenye theluji ya Moscow: anaumwa, au anazembea?

SAFU YA AFYA

Swali: Mimi ni mama wa watoto watano, naishi Nyansurura, wilaya ya Serengeti. Kijana wangu wa pili yupo Moscow, mwaka wa kwanza wa udaktari. Hapa nyumbani alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anakamua ng'ombe ndipo aende shule. Sasa nikimpigia simu jioni ananiambia amechoka, na hata akilala mapema bado anasinzia darasani. Vidole vya miguu vinamvimba na kumwasha. Halafu ananitumia picha wanarushiana theluji na wenzake, au wamekaa chumbani wanasonga ugali na kunywa chai. Baba yake amekasirika, anasema fedha ya ng'ombe inaliwa na michezo. Je, mtoto anaumwa? Na sisi tumwambie nini?

Jibu: Saa ya ukutani ya Nyansurura na ile ya Moscow zinakwenda sawasawa. Tangu Oktoba 2014, Urusi iliporekebisha saa zake, Moscow ipo mbele ya Greenwich kwa saa tatu, kama ilivyo Tanzania. Saa mbili asubuhi ya Desemba, mama akiwa ameshafagia uwanja na ng'ombe wameshafika malishoni, kwa kijana wake pia ni saa mbili asubuhi. Tofauti ni kwamba kwake bado ni giza. Mwishoni mwa Desemba jua la Moscow huchomoza saa tatu kasoro kidogo na huzama kabla ya saa kumi alasiri. Ni saa saba tu za mwanga, na hata adhuhuri jua lenyewe haliinuki zaidi ya digrii 11 hivi kutoka upeo wa macho. Linapita chini chini nyuma ya maghorofa, mara nyingi limefunikwa na mawingu.

Nyansurura ipo chini ya digrii mbili kusini mwa Ikweta. Mchana wake ni saa 12, Januari mpaka Desemba, zikiongezeka au kupungua dakika chache. Kijana huyu ameishi maisha yake yote kwa kipimo hicho. Mama anapompigia saa moja jioni, kwake bado kuna wekundu wa jua magharibi. Mtoto ana saa tatu yupo gizani.

Vijana wa Afrika Mashariki wameipitia hali hii kwa miaka mingi. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa Moscow mwaka 1960, mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, na tangu enzi hizo wamo Watanzania, Wakenya na Waganda waliorudi kutoka Urusi wakiwa madaktari na wahandisi. Wazazi wao, kama mama huyu, waliogopa baridi. Wakauza mbuzi, wakanunua koti. Koti ni la lazima, lakini kinachomwelemea mgeni wa nchi hizo mara nyingi ni upungufu wa mwanga.

Ndani ya ubongo, nyuma ya macho, kuna kijisehemu kinachofanya kazi ya saa ya mwili. Kinategemea mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni ya melatonini, inayoutayarisha mwili kulala. Mwanga wa asubuhi huizima. Mtu anayeamka gizani, akapanda treni ya chini ya ardhi, akakaa darasani chini ya taa, kisha akarudi bwenini gizani, saa yake ya mwili haipati taarifa kamili kwamba kumekucha. Usingizi unakuwa mzito asubuhi, mchana anasinzia, hamu ya wanga na sukari inapanda, na moyo unakosa uchangamfu.

Aliyeichunguza hali hii na kuipa jina kitabibu naye alitoka Afrika. Norman Rosenthal, daktari wa magonjwa ya akili, alihamia New York kutoka Afrika Kusini mwaka 1976, akaona nguvu zake zinamwishia kila majira ya baridi na kumrudia majira ya kuchipua. Mwaka 1984, akiwa kwenye taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, yeye na wenzake walichapisha maelezo ya kwanza ya kina kuhusu sonona ya majira pamoja na tiba ya kutumia taa kali. Tiba hiyo inatumika hadi leo: mgonjwa anakaa mbele ya taa maalumu yenye mwanga wa luksi 10,000 kwa nusu saa hivi kila asubuhi.

Luksi ni kipimo cha mwanga, na hapa ndipo picha za theluji zinapopata maana yake. Taa za darasa au chumba hutoa luksi mia chache tu. Nje, hata mbingu ikiwa imefungwa na mawingu ya baridi, mwanga huwa luksi elfu moja na kuendelea, na theluji iliyotanda chini huurudisha juu ukaongezeka. Kwa hiyo kijana anayetoka adhuhuri kurushiana theluji na wenzake kwa dakika 40 anaupa ubongo wake mwanga mara kadhaa zaidi ya ule ambao angeupata akibaki mezani na kitabu cha anatomia. Isitoshe, anakimbia, damu inachemka, anacheka na watu. Safu hii inamwomba baba asikasirike. Mchezo ule ni sehemu ya matibabu, tena hauli fedha ya ng'ombe hata senti moja.

Na ule ugali wa usiku? Huo nao una kazi yake. Mwanafunzi wa udaktari anasoma majina ya mifupa na misuli kwa Kilatini, katika nchi ambayo huenda hata lugha ya sokoni bado inampiga chenga. Upweke humdhoofisha mtu kwelikweli: usingizi unaharibika, kula kunakuwa kwa kubahatisha, masomo yanashuka. Kwenye mabweni ya wanafunzi wa kigeni jiko huwa la pamoja. Unga wa nyumbani ukiisha, wengi husongea semolina, ambayo ni ngano ya chengachenga. Haivutiki kama unga wa muhogo na mtama uliozoeleka huku mkoani Mara, lakini inashika mkononi na inabeba mboga. Watu wanne wakizunguka sufuria moja, mmoja akasimulia mgonjwa wa kwanza aliyempima mapigo ya moyo, mwingine akacheka jinsi alivyoteleza kwenye barafu mbele ya mwalimu wake, saa mbili za namna hiyo zinawarudishia nguvu ya kukabili wiki nzima. Chai nayo inywewe, ila baada ya saa kumi alasiri iwe nyepesi, maana majani yana kafeini inayofukuza usingizi.

Kuhusu chumba chenyewe, mama asidhani mtoto anatetemeka usiku kucha. Majengo ya Urusi hupashwa joto kwa maji ya moto yanayopita kwenye mabomba na vyuma vilivyofungwa chini ya madirisha. Nje kunaweza kuwa nyuzi 15 chini ya sifuri, ndani watu wamevaa fulana. Shida ni ukavu. Hewa hiyo hukausha pua mpaka inatoka damu kidogo, midomo inapasuka, ngozi ya miguuni inakuwa na magamba meupe kama iliyopakwa majivu. Wanafunzi huanika soksi na taulo zilizoloa juu ya vyuma hivyo, au huweka bakuli la maji pembeni, na unyevu unarudi hewani. Maji ya kuoga yasiwe ya moto sana, na mafuta mazito ya mgando yapakwe mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu.

Sasa vidole. Kuvimba na kuwasha kwa vidole vya miguu, hasa mtu akitoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto, kunalingana na tatizo linalojulikana: mishipa midogo ya damu husinyaa kwa baridi, kisha joto la ghafla huijaza kwa kasi na majimaji yanavuja pembeni. Kwa mtu mweupe vidole huwa vyekundu. Kwa ngozi nyeusi huwa rangi ya zambarau au vyeusi zaidi, kwa hiyo mtu asiyezoea anaweza asione chochote. Mara nyingi hupona kwenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Kinachomwumiza kijana zaidi ni kuegemeza miguu kwenye kile chuma cha moto mara tu anapoingia. Avue viatu, avae soksi kavu, aache miguu ipate joto polepole, asikune. Buti liwe na nafasi ya soksi nene na vidole viweze kucheza ndani, kwani buti linalobana huzuia damu. Vidonda vikitokea, aende kliniki ya chuo.

Hili lisipuuzwe. Takwimu za jeshi la Marekani zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba askari weusi huumizwa na baridi mara kadhaa zaidi ya weupe, na sababu moja inayotajwa ni namna mishipa ya vidoleni inavyochelewa kufunguka tena baada ya kubanwa na baridi. Ganzi ikiingia, na ngozi ikawa ngumu, baridi na yenye rangi ya kijivu, hiyo ni hatari kubwa zaidi: nyama imeanza kuganda. Hapo miguu au mikono hutumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, kisha hospitali. Asisugue kwa theluji. Ushauri huo wa kusugua ulienezwa na Dominique-Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon aliyeshuhudia askari wakiganda Urusi mwaka 1812, na ulifuatwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya kuthibitika kwamba unaharibu nyama zaidi. Pombe kali nayo hudanganya. Hufungua mishipa ya ngozi, mtu anajihisi amepata joto, kumbe joto la mwili linakimbilia nje.

Jambo linalofuata mama alishike vizuri. Kanda ya Ziwa, ilimo Nyansurura, ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye watu wengi waliorithi selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita. Baridi ni mojawapo ya vichochezi vya maumivu makali kwa mgonjwa wa selimundu. Kijana akiwa hajawahi kupima, apime, hasa kama katika ukoo kuna mtoto aliyekuwa akilia mifupa mara kwa mara. Kubeba kinasaba kimoja tu kwa kawaida hakumletei mtu shida ya baridi, lakini ni vizuri ajue.

Vitamini D nayo inahitaji mpango. Ngozi huitengeneza ikipigwa na mionzi maalumu ya jua, na jua la Moscow la Desemba liko chini mno kuifikisha mionzi hiyo. Ngozi nyeusi, hata kiangazi cha huko, huhitaji muda mrefu zaidi. Uingereza huwashauri watu wake wote wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku majira ya baridi, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Kijana anaweza kufuata hivyo hivyo, asizidishe kwa kudhani nyingi ni bora, maana ikizidi sana hupandisha kalisi kwenye damu na kuumiza figo. Chakula kinasaidia: mayai, na samaki wa heringi ambao Urusi ni chakula cha kawaida. Mama akipata mtu wa kumpa mzigo, unga wa ulezi ni zawadi nzuri. Nafaka hiyo ina kalisi nyingi kuliko mahindi, mchele au ngano.

Lipo na la malaria. Mtu aliyekulia Mara ana kinga ya kiasi kwa kuumwa mara nyingi utotoni. Akikaa miaka mbali na mbu, kinga hiyo hupungua. Akija likizo alale ndani ya chandarua kama mgeni yeyote, amwone daktari kuhusu dawa ya kuzuia, na akipata homa apimwe siku hiyo hiyo. Akipatwa na homa Moscow baada ya kutoka nyumbani, aseme wazi, "Nimetoka Tanzania, nipimeni malaria." Huko daktari anaweza kudhani ni mafua tu, na siku mbili za kuchelewa zinaweza kugharimu maisha.

Je, kijana anaumwa? Kwa maelezo ya barua, dalili zake zinafanana na mwili unaojifunza giza na baridi. Lakini uchovu una sababu nyingi, upungufu wa damu na tezi la shingo vikiwamo, na usipopungua kwa wiki mbili apime damu. Akiacha kupika, akakata simu za nyumbani, akakosa vipindi, akasema maisha hayana faida, hiyo ni sonona na inahitaji daktari mara moja, bila kungoja majira yabadilike.

 

Na mama abadilishe muda wa simu. Asipige tena saa moja jioni. Apige saa saba mchana, jua likiwa juu kwa wote wawili, na kabla ya salamu amuulize mtoto kama yupo nje. Kama hayupo, amwambie avae koti, atoke, ndipo waongee.