Somo la Ujenzi: Udongo, Nyuzi na Jivu



Hapa Mutakura wengi wetu twalala ndani ya kuta za rukarakara, yaani matofali mabichi. Mvua za Aprili hulowesha ukuta kuanzia chini, nao huanguka usiku watu wamelala.

Udongo hustahimili kukandamizwa, lakini ukivutwa hupasuka ghafla. Mabua ya mpunga yaliyokatwa vifupi, au katani, hushika pande mbili za ufa. Tofali la namna hii hubonyea na kupinda kwanza, na mwenye nyumba hupata nafasi ya kutoka. Nyuzi zikizidi hufanya mafundo na kulidhoofisha. Tuanze kujaribu kwa gramu 5 katika kilo 1 ya udongo mkavu.

Lakini nyuzi hazizuii maji. Hapo tutumie jivu la maganda ya mpunga, ambayo vinu vya Imbo huyatoa kwa wingi. Jivu lililoungua vizuri, la kijivu, si makaa meusi, lina silika. Likikutana na chokaa na maji hushikamana polepole. Jivu peke yake haligandi. Tofali lifunikwe, libaki na unyevu majuma manne. Tajiri anayelitaka baada ya siku tatu, tumkatalie kwa pamoja.

Chokaa huunguza macho na ngozi, nalo vumbi la jivu huumiza mapafu. Sisi tumekwisha kuchanganya kwa mikono mitupu miaka mingi mno. Glovu, miwani na kinga ya pua tuzidai kabla mfuko haujafunguliwa.

Kisha lowekeni tofali moja usiku kucha. Likiyeyuka, msijenge.