Dar hadi Nairobi: Mafunzo Niliyopata Njiani

Biashara ya nguo hunipeleka Nairobi mara kwa mara, safari nyingine kwa ndege, nyingine kwa basi.

1. Ramani ya angani usiichanganye na ya barabarani. Kwa mstari ulionyooka, Dar na Nairobi ziko mbali kwa kilomita kama 670. Basi linazunguka Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Moshi na Arusha, ndipo likate kuelekea Namanga. Ukiteremka Nairobi umeshavuka kilomita 900. Kwa ndege, Mwanza yetu wenyewe iko mbali zaidi kuliko Nairobi, kama kilomita 850. Ila Nairobi ni nje ya nchi, na tozo za kimataifa hazijali kilomita.

2. Saa moja na robo ya kwenye tiketi ndiyo sehemu fupi ya safari. Hata hiyo inahesabiwa tangu ndege inaondoka kwenye maegesho hadi inaposimama. Mhudumu anapitisha toroli mbio mbio. Hujamaliza pakiti ya korosho, unaambiwa funga meza, tunashuka. Muda unaliwa chini: foleni ya kwenda uwanjani, kaunta, ukaguzi, uhamiaji mara mbili, kisha Mombasa Road. Tangu 2022 Nairobi ina barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Dereva wa teksi atakuuliza, "Tupite juu ama chini?" Jioni jibu langu ni juu, na hela naitoa bila kinyongo. Nikijumlisha yote, mlango kwa mlango, siijui safari ya ndege iliyonichukua chini ya nusu siku.

3. Kwenda, kaa dirisha la kushoto. Kurudi, la kulia. Njia hupita mashariki kidogo ya Kilimanjaro, na asubuhi kukiwa kweupe unakiona Kibo kimetokeza juu ya mawingu, Mawenzi na meno yake kikiwa upande wako. Wanaochagua kiti cha kwenye ujia ili wawahi kutoka sijawahi kuwaelewa. Watawahi wapi, na mabegi yote yanasubiriwa pamoja?

4. Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Kati yetu na Kenya hapana: pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria.

5. Basi lina heshima yake. Namanga siku hizi kuna kituo cha pamoja, kilichozinduliwa rasmi 2018, na mihuri ya kutoka na ya kuingia inagongwa kwenye jengo moja. Pasipoti iwe mfukoni, isiwe kwenye begi lililofungiwa kwenye buti, maana abiria mmoja anayepekua mzigo anachelewesha gari zima, na kondakta hatamsemesha vizuri. Nikiwa na marobota sijiulizi mara mbili, napanda basi la alfajiri: uzito wa ziada kwenye ndege unaweza kuila faida yote kabla hujauza hata kitenge kimoja.