Uzazi mgumu huacha kidonda cha moyo

Mama aliyepasuliwa kwa dharura, au aliyevuja damu nusura afe, huambiwa: "Shukuru Mungu, wewe na mtoto mko hai." Ni kweli, lakini kidonda cha tumbo kinaweza kupona huku cha moyo kikibaki wazi.

Ni kawaida mama kulialia siku chache baada ya kujifungua. Hali hii aghalabu huisha kabla ya wiki 2. Mshtuko wa uzazi ni jambo tofauti. Mama huota majinamizi, huyaona tena yaliyomfika kana kwamba yangali yanatendeka, hushtuka ovyo, hukwepa hospitali, na pengine hushindwa kumpenda mtoto. Dalili hizi zikipita mwezi 1, zinahitaji matibabu. Si uvivu, si kurogwa, wala si utovu wa shukrani.

Ufanyeje? Kwanza, msimulie mtu unayemwamini yaliyokupata, ukiwa tayari, bila kulazimishwa. Pili, muulize daktari au mkunga ni nini kilichotokea na kwa nini. Wengi hujilaumu bure. Tatu, unapompeleka mtoto kwa chanjo ya wiki 6, jieleze wewe pia. Ushauri nasaha husaidia, na zipo dawa ambazo mama anayenyonyesha anaweza kuandikiwa na daktari.

Nawe mume, mbembeleze mtoto usiku ili mama apate usingizi. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake. Mpeleke hospitali mara moja.