Chuo cha jamii Marekani: mbinu za kufika hadi mahafali

Kuingia chuo cha jamii Marekani si kazi ngumu. Mlango uko wazi kwa karibu kila aliyemaliza sekondari, ada ni nafuu kuliko ya chuo kikuu, na anayefanya kazi mchana hupata vipindi vya jioni. Ndiyo maana ndugu zetu wengi waliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania huanzia huko. Kazi ipo kwenye kumaliza. Wengi huishia njiani, na mara nyingi si kwa kukosa akili. Wamekwamishwa na gari lililoharibika, zamu iliyobadilishwa, au kozi waliyoisoma muhula mzima kumbe haihesabiki. Mbinu hizi zitakusaidia.

1. Piga hesabu ya krediti mapema. Shahada ya miaka miwili kwa kawaida hudai krediti 60, yaani pointi unazopata kwa kila kozi unayofaulu. Ukichukua 12 kwa muhula, ofisi ya misaada ya fedha itakuhesabu kuwa mwanafunzi wa muda kamili, nawe utadhani uko kwenye ratiba. Chukua kalamu: 12 mara mihula minne ni 48. Umebakiza muhula mzima! Ukichukua 15, miaka miwili inatosha. Kama kazi hairuhusu, beba 12, halafu ongeza 6 kila kiangazi. Lakini ruzuku ya Pell, yaani msaada wa serikali kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, ina kikomo: mihula 12 ya muda kamili katika maisha yako yote. Usiitumie kwa kuzungukazunguka.

2. Jiandae kwa mtihani wa kupima kiwango. Ukiufanya kwa kushtukizwa, unaweza kupangiwa masomo ya chini ya kiwango cha chuo, ambayo hula muda na fedha na kwa kawaida hayaingii katika zile 60. Rudia hesabu zako wiki mbili tatu kabla. Uliza pia kama unaweza kuanza moja kwa moja na kozi ya chuo huku ukipewa vipindi vya msaada; California ilipitisha sheria ya kuelekea huko mwaka 2017. Kama Kiingereza bado kinakusumbua, tafuta kwanza madarasa ya bure ya watu wazima, maana yapo katika miji mingi.

3. Mwone mshauri wa masomo kabla hujakwama. Sisi tumelelewa kumheshimu mwalimu kwa kutomsumbua. Huku, ukinyamaza watu huamini mambo yako ni shwari. Weka miadi, kisha nenda na maswali matatu kwenye karatasi: Je, kozi hii inahesabika kwenye shahada yangu? Chuo kikuu ninachotaka kuhamia kitaipokea? Kozi ipi hutolewa mara moja tu kwa mwaka? Usiondoke bila mpango wa mihula yote ulioandikwa. Na chuo kikuu unachokilenga kiulize chenyewe, kwa barua pepe, ili jibu libaki kwenye maandishi.

4. Usitoweke. Maisha yakibana, wengi huacha tu kuhudhuria. Hapo ndipo hasara inapozaliwa: alama ya F hubaki kwenye rekodi, na anayeacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula anaweza kudaiwa sehemu ya msaada wa serikali aliopewa. Kwa muhula wa wiki 15, hiyo ni wiki ya tisa. Kabla ya kuacha hata kozi moja, pita ofisi ya misaada ya fedha uulize itakugharimu nini. Mwandikie mwalimu pia. Mara nyingine anachohitaji ni taarifa tu ili akuongezee siku.

5. Sema shida ndogo ikiwa bado ndogo. Vyuo vingi vina ghala la chakula kwa wanafunzi, mfuko wa dharura na walimu wa ziada wasiotoza kitu. Kuvitumia si aibu. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mpango uitwao ASAP mwaka 2007: mwanafunzi anasoma muda kamili na kumwona mshauri wake mara kwa mara, naye anapewa vitabu na kadi ya usafiri. Watafiti walipowagawa wanafunzi wenye kipato kidogo kwa kura, asilimia 40 ya waliokuwa kwenye mpango walihitimu ndani ya miaka mitatu, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao. Wanafunzi walikuwa wa aina moja. Kilichotofautiana ni msaada. Uliza kama chuo chako kina mpango kama huo.

6. Kaa chini na familia. Wa nyumbani wanasubiri pesa, watoto wanasubiri chakula, na bosi anataka zamu ya ziada. Waambie wazi: kwa miaka miwili nitatuma kidogo, na jioni fulani ni za kitabu. Wakijua mwisho ni lini, watakubeba.

Wiki hii, kabla ya kujiandikisha muhula ujao, andika kwenye karatasi krediti ulizonazo, ulizobakiza, na mwezi utakaohitimu. Ukishindwa kujaza hata mstari mmoja, weka miadi na mshauri kesho asubuhi.