Jino Likinyamaza Ghafla, Halijapona

Mvuvi wa Gazi anaumwa na gego la chini. Mwanzoni ni maji ya baridi tu yanayomkata. Baadaye hata chai ya moto, na usiku halali. Anatia karafuu, ananunua vidonge dukani, jirani anampa vidonge vya antibayotiki vilivyobaki nyumbani. Siku moja anaamka na maumivu hayapo. Anashukuru Mungu, anarudi baharini. Miezi mitatu baadaye shavu limefura, mdomo haufunguki vizuri na homa imempanda.

Mvuvi huyu tumemtunga kwa ajili ya somo hili, lakini kisa chake kinajulikana katika kila chumba cha meno. Maumivu yaliisha kwa sababu neva iliyo ndani ya jino ilikufa. Kitu kilichokufa hakiumi. Vijidudu, kwa upande wao, havikufa. Viliendelea kushuka hadi kwenye ncha ya mzizi, vikaingia kwenye mfupa wa taya na kutunga usaha.

Wazee wetu husema jino lina mdudu, na wapo wanaofukiza moshi wa mbegu za tunguja ili atoke. Tusiwacheke. Watu wa Babeli ya kale waliamini vivyo hivyo maelfu ya miaka iliyopita, na hata Ulaya imani hiyo ilidumu karne nyingi. Ni mwaka 1890 ambapo Willoughby Miller, daktari wa meno Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alichapisha kitabu kilichoeleza kinachotokea: bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha jino. Kwa hiyo mdudu yupo, ila haonekani kwa macho, na moshi haumtoi.

Kutokana na hilo, mara unazokula sukari kwa siku zina uzito kuliko kiasi chake. Kila unapokunywa chai tamu, asidi huanza kazi, na mate huhitaji takriban nusu saa au zaidi kuituliza. Anayekula haluwa yake yote baada ya chakula cha mchana hulipa mara moja. Anayeshinda dukani akimumunya mabuyu ya rangi, kipande kimoja kimoja tangu asubuhi hadi alasiri, hayapi meno nafasi ya kupumzika hata kidogo. Mwezi wa Ramadhani nao una hesabu yake: kaimati, tende na sharubati wakati wa futari, kisha vitamu vingine hadi daku, halafu mtu analala bila kupiga mswaki. Mswaki wa baada ya daku ndio usiofaa kukosa.

Sasa tuangalie daktari anachoweza kufanya, kwa sababu wakazi wengi wanaamini kwamba kwenda hospitali kwa ajili ya jino ni kwenda kung'olewa. Jibu linategemea umefika lini.

Ukifika wakati jino lina alama nyeupe tu, kama chaki, bado halijatoboka. Floraidi iliyo kwenye dawa ya meno, au ile nzito inayopakwa na mhudumu, inaweza kulirudishia madini yake. Hapa hakuna sindano wala mashine.

Ukifika tundu limeshafunguka lakini halijagusa neva, jino huzibwa. Sehemu iliyooza inaondolewa na nafasi yake inajazwa. Wengi wanaogopa sauti ya ile mashine ya kuchimba, na ni haki yao, haipendezi. Lakini ipo njia isiyoitumia kabisa, nayo ilianzia kwa majirani zetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Ilibuniwa kwa ajili ya mahali pasipo na umeme. Mhudumu anakwangua uozo kwa vyombo vya mkono, kisha anajaza tundu kwa simenti maalumu inayoshikamana na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka simenti hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwa mtoto mwoga, au kwa shule iliyo ndani huko Kinango, njia hii ni ya thamani kubwa.

Ukifika neva imeshaguswa na jino linakuamsha usiku, kuziba peke yake hakutoshi. Zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni kutibu mzizi: neva iliyooza inatolewa, mifereji ya ndani inasafishwa na kufungwa, na jino linabaki mahali pake. Kazi hii huchukua muda, huenda ukarudi zaidi ya mara moja, inahitaji picha ya eksirei, na gharama yake iko juu ya ile ya kung'oa. Njia ya pili ni kung'oa. Hatusemi kung'oa ni kosa, lipo jino ambalo dawa yake ni hiyo tu. Lakini uliza kwanza, "Daktari, hili haliwezi kuokolewa?" Gego likiondoka, ya jirani huanza kulalia pengo, na la juu lililokuwa likikutana nalo hushuka polepole.

Likishang'olewa, ng'ata shashi uliyopewa kwa dakika 30 bila kuichungulia kila mara. Kwa saa 24 usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usivute sigara, usinyonye kinywaji kwa mrija. Damu iliyoganda shimoni ndiyo kifuniko cha kidonda. Ikitoka, mfupa unabaki wazi na siku ya pili au ya tatu utaumwa kuliko ulivyoumwa na jino lenyewe. Siku inayofuata anza kusukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi.

Turudi kwa mvuvi wetu aliyefura shavu. Uvimbe wa jino ukishuka chini ya kidevu au shingoni, ulimi ukainuka, kumeza kukawa taabu au pumzi ikabana, hilo si jambo la kungoja zamu ya Jumatatu. Usaha huo unaweza kuziba njia ya hewa na kuua. Mpeleke mgonjwa hospitali iliyo karibu usiku huohuo, na ikibidi atapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Msambweni. Usimkande kwa maji moto shavuni, usimpasue, na usimpe antibayotiki za jirani mkadhani mmemaliza. Dawa hizo hupunguza uvimbe kwa siku chache, lakini chanzo bado kimo ndani ya jino. Aspirini isiwekwe juu ya ufizi pia, kwani inauchoma.

Kuhusu fizi tutakuwa wafupi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta fizi zinazotoka damu kwa takriban watu wazima wote waliopimwa. Damu hiyo husababishwa na ukoga unaokaa penye ukingo wa jino na ufizi, na wengi wakiiona huacha kupiga mswaki mahali hapo, jambo ambalo huzidisha ugonjwa. Ukoga ukishakuwa mgumu kama jiwe, hautoki ila kwa kusafishwa na mhudumu. Mwenye kisukari asilipuuze hili, maana fizi mbovu huifanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Mswaki wa mti unafaa, mradi ncha itafunwe hadi ilainike, ikatwe ikichakaa, na ufike upande wa ndani wa meno, si ule wa mbele unaoonekana tu.

Na kwa watumiaji wa tumbaku, ugoro au tambuu yenye popoo: kidonda, doa jeupe au jekundu kinywani lisilopona kwa wiki 2 lipelekwe likaangaliwe hata kama haliumi. Saratani ya kinywa mara nyingi huanza bila maumivu.

Mwisho ni kwa wazazi. Mtoto akifika miaka 6 hivi, gego huota nyuma kabisa ya meno ya utoto bila jino lolote kung'oka kwanza. Wengi hudhani nalo ni la utoto na wanaliacha lioze wakingoja lingine. Hakuna lingine. Mwanga jioni ukiwa mzuri, mwambie afunue kinywa, hesabu meno ya chini kuanzia katikati: la sita ndilo hilo.