USIPASUE MZOGA WA PORINI

Ndugu mtumikaji, na wewe mama wa nyumba, leo tunasema juu ya nyama inayopatikana bila bunduki na bila mtego.

Siku ya mapumziko umekwenda porini. Unakuta swala amekufa, hana jeraha. Tumbo limevimba, damu nyeusi inatoka puani na haigandi. Unajiambia: Mungu amenipa kitoweo. Ngoja kwanza! Pengine ni ugonjwa wa kimeta. Kwa Kifaransa unaitwa charbon, ni kusema makala, kwa sababu ya kidonda cheusi unachomtoa mtu.

Mikrobi ya kimeta inakaa katika udongo, na mnyama anaimeza akila majani. Mzogo usiopasuliwa ukioza, mikrobi nyingi hufa ndani yake. Lakini ukiupasua, damu inamwagika, mikrobi inapata hewa na kujifanyia ganda gumu. Hivyo inaweza kukaa ardhini makumi ya miaka. Swala na nyati wengine wanakuja kula majani pale pale, nao wanakufa. Kisu kimoja kinaweza kuharibu kundi zima, pamoja na mtu aliyekishika.

Mwaka 2011, katika wilaya ya Chama, nchini Zambia, viboko zaidi ya 80 walikufa. Watu walichukua nyama. Zaidi ya 500 walishukiwa kuwa na kimeta, na 5 walikufa. Hapa kwetu, Aprili 2025, viboko wapatao 50 walikufa kwa kimeta katika Parki ya Virunga, upande wa mto Ishasha.

Usiseme: «Nitaichemsha sana.» Moto wa jikoni si kinga ya hakika, na hatari inaanza tangu kuchuna ngozi.

Basi shika haya:

1. Ukikuta mzogo, usiuguse, usiupasue, usiuchune.
2. Zuia watoto na mbwa wasiukaribie.
3. Peleka habari upesi kwa walinzi wa parki au munganga wa mifugo. Wao wanajua kuuchoma au kuuzika chini sana.
4. Sokoni, uliza mnyama alikufa namna gani. Muuzaji akikosa jibu, iache nyama yake.

Kama umekwisha kuigusa au kuila, nawa kwa maji mengi na sabuni, kisha njoo dispanseri. Usingoje kipele kinachowasha kigeuke kidonda cheusi kisichouma. Na usifiche kwamba ulishika nyama ya porini: sisi hatutafuti mwenye kosa, tunatafuta ugonjwa. Dawa ipo, nayo inaponya ikianzwa mapema.